Wimbo wa Tatu, Upande wa Pili

Kwa miaka thelathini Mama Léontine aliambiwa kwamba ana wimbo wake, na kwa miaka thelathini hakusikia ndani ya wimbo huo hata neno moja. Si kwamba masikio yake yalikuwa mabovu. Huyu ndiye anayeongoza akina mama wa kwaya parokiani kwao, Kalemie, mji ulio kando ya ziwa, na mtu akikosea sauti mstari wa nyuma kabisa, yeye humjua kwa jina kabla hajageuka. Tatizo lilikuwa wimbo wenyewe. Mwanzo hadi mwisho ni mtu ananguruma kana kwamba amefungiwa ndani ya pipa, huku gitaa mbili zikigombana na ngoma ikijikokota kusindikiza jeneza.

Kila alipomuuliza mumewe, Hubert, yeye yuko wapi katika vurugu hiyo, Hubert alicheka mpaka mabega yakatikisika.

"Sikiliza muzuri," alikuwa akimjibu. "Siku utasikia, utajua."

Kisha mwaka jana Hubert akaugua siku nne, ya tano akafa, na jibu akaondoka nalo.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kaseti yenye wimbo huo, maana mjini watu wamesema mengi na machache ndiyo ya kweli. Mwaka 1994 fundi mmoja Mzungu, aliyekuja kutengeneza mashine bandarini, aliondoka akasahau kaseti yenye picha ya mafuvu. Ikaangukia mikononi mwa vijana wanne wa kwaya. Ndani mlikuwa na muziki ambao wenyewe huuita death metal, yaani metali ya kifo. Mwanzo vijana walidhani kaseti imeharibika. Wakaigeuza upande wa pili, wakakuta nao umeharibika vilevile, ndipo wakaelewa kwamba imekusudiwa kuwa hivyo. Hazikupita wiki mbili wakawa na bendi, jina Orchestre Kuzimu. Gitaa zilikuwa za kwaya, ngoma za kwaya, na ukumbi ulikuwa wa parokia, ambao padre aliwapa kwa moyo mweupe akiamini wanajiandaa kwa Pasaka.

Mwimbaji alikuwa Hubert, na hapo ndipo watu walipochanganyikiwa. Hubert aliimba sauti ya tatu, tena ile nyembamba ya juu, ambayo wazee wa kanisa waliitania kwamba ingefaa kuitia mbuzi. Lakini kaseti ya bendi ilipotoka, kopi ishirini zilizoandikwa kwa kalamu, sauti iliyosikika ilikuwa nzito kuliko ya mwimbaji yeyote wa sauti ya nne, ile ya besi, aliyewahi kusimama kwenye kwaya ile. Walipomuuliza ameitoa wapi, Hubert alijibu kwamba hiyo ni siri ya kazi. Bendi haikupiga hadharani hata mara moja. Kila ilipoalikwa, mwimbaji alikuwa na homa. Wapo waliosema sauti ile si yake, kijana aliingiwa na kitu, na Hubert hakujisumbua kuwakanusha.

Wakati huohuo alikuwa akimchumbia Léontine, kwa namna yake. Léontine alikuwa akifua nguo kule mtoni Lukuga, na akirudi na beseni kichwani Hubert alimfuata nyuma, hatua kumi au zaidi, bila kusema neno. Zaidi, kwa sababu Léontine alikuwa na miguu ya haraka na Hubert alikuwa mtu wa polepole tangu kuzaliwa. Msichana hakugeuka hata siku moja. Lakini alijua yuko, na siku asipokuwepo alijua pia. Hata walipooana mambo hayakubadilika: mke alifika misani wakati wa kuingia, mume alifika wakati wa Gloria.

Basi Jumatatu moja mwaka huu Thierry akampigia Mama Léontine simu. Thierry ni mwenye kile kibanda cha fotokopi na intaneti karibu na soko, na ndiye anayeweka picha za zamani za Kalemie kwenye mtandao. Alisema kuna Mzungu wa Finland ameandika, anatafuta mtu yeyote wa Orchestre Kuzimu. Mzungu huyo aliitwa Pekka. Pale kibandani walishindwa na jina hilo mara moja, wakamwita Bwana Peke, na kwa kweli lilimfaa, maana alidai kwamba yeye peke yake Ulaya nzima ndiye mwenye kaseti ile. Ilivuka ziwa na msafiri wa Kigoma miaka hiyo, na jinsi ilivyoendelea hadi kwenye theluji anajua Mungu.

Bwana Peke aliandika Kifaransa kilichopinda, cha kutafsiriwa na simu, lakini sifa zake zilieleweka. Alisema hajawahi kusikia sauti ya binadamu iliyoshuka chini namna ile. Alisema mpiga ngoma alikuwa mbele ya wenzake wote kwa kuthubutu kwenda polepole hivyo. Na kengele ya mazishi inayosikika katika wimbo wa tatu, upande wa pili, alipoisikia mara ya kwanza alitoa machozi. Alitaka kuitoa kaseti upya, iwe sahani ya santuri yenye kijitabu cha maneno. Maneno aliyakisia kwa sikio na kamusi. Aliomba mjane ayahakikishe kabla ya Ijumaa, siku ambayo kijitabu kingepelekwa kuchapwa.

Thierry akamtolea karatasi. Wimbo wa tatu, upande wa pili, wimbo wa Léontine, ulikuwa na mistari mitatu yenye alama za kuuliza, kisha kiitikio: Nakufwa, nakufwa, nakufwa. Lilikuwa ndilo jina lililoandikwa kwa kalamu kwenye jalada pia, NAKUFWA, kwa herufi kubwa. Kwa matamshi yetu ya huku ndivyo tunavyosema mtu anapoona anakufa.

Mama Léontine aliisoma karatasi ile mara mbili. Yaani mwanamume anakuahidi wimbo maisha mazima, unakuja kuukuta ni kilio chake mwenyewe. Alimkasirikia Hubert papo hapo, hasira ya kweli, hasira ambayo mtu huwa nayo kwa mume aliye hai.

Kwa bahati mbaya Mama Gisèle, katibu wa kikundi chao cha sala, alikuwa pale akitoa kopi za orodha ya wabatizwa, na macho yake yaliyafikia maneno yale kabla ya miwani yake. Kabla ya jua kuzama alikuwa nyumbani kwa Léontine na ushauri. Alisema kwa huruma, na huruma ya Gisèle ina uzito wake, kwamba marehemu alijiitia kifo kwa mdomo wake, na kwamba sauti ile, kila mtu anajua, haikuwa ya kwake. Kaseti ichomwe Jumapili baada ya misa, kikundi kisali, yaishe. Léontine akamtolea maji ya kunywa badala ya kubishana, jambo ambalo si desturi yake.

Hakubishana kwa sababu alikuwa na kidonda kingine ambacho hakumwonyesha mtu. Simu yake ya zamani, yenye jumbe zote za sauti ya Hubert, ilimponyoka ikaingia majini siku alipokuwa akishuka kwenye boti iliyotoka Moba. Alikuwa ameanza kuisahau sauti ya mumewe. Maneno aliyakumbuka, lakini sauti ilikuwa ikififia kila mwezi, na kitu pekee duniani kilichobaki chenye sauti ya Hubert kilikuwa kaseti hiyo, ambayo haikufanana naye hata kidogo. Angeichoma, asingebaki na kitu. Asipoichoma, angebaki na mngurumo unaosema nakufwa.

Jumatano akarudi kwa Thierry. Bwana Peke alikuwa ametuma nyimbo zote zimesafishwa vizuri, ziko ndani ya kompyuta. Léontine alivaa vile vya masikioni, akausikiliza wimbo wake mara ya kwanza, akatoka bure. Mara ya pili alifumba macho, akatoka bure tena. Mara ya tatu alichoka kuwinda maneno, akaanza kuisikiliza kengele tu, kama mtu aliyekaa kwenye mahubiri marefu na kuhesabu madirisha.

Hapo lazima ujue desturi ya kwaya ile. Hawana kinanda. Kilichokuwepo kiliingia maji kabla ya wengi wao kubatizwa, kikafa. Kwa hiyo sauti ya kuanzia wanaipata kwenye kengele ya kanisa. Kengele inalia, Mama Léontine anaishika sauti yake, anaiita so, ile ya do re mi fa so, anaipitisha mdomo umefungwa kwa akina mama, na ya tatu na ya nne wanajipanga juu yake. Amefanya hivyo kila Jumapili tangu akiwa msichana. Ukimwamsha usingizini ukamwambia toa kengele, ataitoa, na haitapungua hata ukucha.

Alivua vile vya masikioni.

"Ile kengele haiko ya kwetu," akasema.

Thierry alisema labda ni ya kanisa lingine. Léontine akamwambia kwamba ndani ya ukumbi wa parokia inasikika kengele moja tu, ile iliyo juu ya kichwa chako. Wakafungua mlango, wakangoja. Saa sita ya adhuhuri kengele ikalia, yeye akaishika kwa koo, akamwonyesha Thierry kwa kidole apige ile ya kompyuta. Ya kanisani ilisema so. Ya Bwana Peke ilisema mi.

Léontine alikaa kitako. Watu walikuwa wamesema Hubert aliingiwa na pepo ndiyo maana sauti yake ikashuka. Haya, na kengele nayo iliingiwa na nini? Kengele ni shaba. Haina koo, haina dhambi, na tangu itundikwe haijawahi kusema mi. Kama kengele imeshushwa na sauti imeshushwa, basi aliyezishusha ni mmoja, na alikuwa na mikono.

Katika bendi ile aliyekuwa na mikono ya namna hiyo alikuwa Papa Edouard. Alipiga ngoma, akakopia kaseti, kisha maisha yakampeleka kwenye mitambo ya umeme ya Bendera, akafanya kazi huko miaka ishirini na sita mpaka akastaafu. Sasa anatengeneza redio barazani kwake. Habari za Finland zilikuwa zimemfikia, na tangu Jumatatu alikuwa akiwasalimia majirani taratibu mno, kama inavyompasa mtu aliyethubutu kwenda polepole mbele ya wenzake wote. Léontine hakukaa hata kwenye kiti alichopewa.

"Shemeji," akasema, "kaseti ulikopia na nini?"

Edouard aliitazama redio iliyokuwa mapajani mwake. Alisema ni mambo ya zamani. Alisema amesahau. Kisha akaona Léontine anakivuta kile kiti na kukaa, akaelewa kwamba shemeji yake ana muda, akaanza kusema.

Mashine zilikuwa mbili, moja ya kupiga na moja ya kurekodi, na tundu la kuchomeka lilikuwa moja tu. Ile ya kurekodi ikapata umeme wa parokia. Ile ya kupiga ikawekewa mapile, yaani betri za redio, na mapile yenyewe, shemeji, yalikuwa yamekwisha, ameyaanika juu ya bati siku mbili. Hakuna nyumba Kalemie ambayo haijawahi kuanika pile juani ili ipate nguvu tena. Nguvu inarudi kweli, ila hairudi yote. Tangu wimbo wa kwanza mashine ilikuwa imelegea. Kufika upande wa pili, ilikuwa ikitembea kama mgonjwa anayetafuta ukuta wa kushika, na kila kitu kikashuka nayo. Alipoigundua hasara, kaseti mama, ile waliyoimbia, ilikuwa tayari imerekodiwa misa ya Pasaka juu yake. Akampelekea Hubert kopi akiwa tayari kupigwa.

"Akasikiliza mpaka mwisho," Edouard alisema. "Kiisha akaniambia: hapana gusa. Hii njo sauti nilikuwa natafuta."

Wakaapa kuificha siri hiyo. Kopi nyingine zote zikatolewa kwenye ile. Na huyo Hubert mwenye sauti ya kuita mbuzi akawa na homa kila alipoalikwa. Mama Léontine alitaka kukasirika, akashindwa, kicheko kikampita puani. Lakini Edouard hakucheka. Alimsihi asimwambie Mzungu, kwa sababu kaseti ikinyooshwa watasikika kama watoto wa kipaimara, na yeye, fundi umeme, atajulikana hadi Ulaya kwa mapile ya juani.

"Sitaki kuinyoosha kwa Wazungu," Léontine akamjibu. "Nataka kuinyoosha kwa sikio yangu."

Alhamisi asubuhi walikuwa watatu kibandani, Edouard amevaa shati la Jumapili. Thierry alikuwa na programu ambayo ndani yake unasukuma kialama kidogo na wimbo unakwenda haraka au polepole. Haraka kiasi gani, ndilo lilikuwa swali, na jibu Mama Léontine alikuwa nalo kooni. Akafunga mdomo, akatoa so ya kanisa lake, akaishikilia. Thierry akairudia kengele, akasukuma, akairudia, akasukuma. Kengele ikapanda kidogo kidogo, ikapita fa, ikapunga huku na huku chini ya sauti ya yule mama, mwisho ikaingia ndani yake wala hukuweza tena kuzitenga.

"Hapo," Edouard akasema kwa niaba yake, maana yeye alikuwa bado ameishikilia.

Thierry akaurudisha wimbo mwanzo. Gitaa ziliamka. Ngoma, ile ya jeneza, ilianza kukimbia, na Edouard akajinyoosha kitini kwa sababu alikuwa amesahau kwamba ujanani alikuwa na mikono ya haraka vile. Kisha akaingia mwimbaji. Hakuna pipa, hakuna kuzimu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne mwenye sauti nyembamba, anayejikaza kwa nguvu zake zote atishe watu, na hamtishi mtu. Katikati ya mstari wa pili sauti ikampasuka kabisa, na ukimsikiliza vizuri unasikia kwamba yeye mwenyewe nusura acheke.

Edouard akacheka. Kisha akamtazama Léontine, akaacha.

Ilikuwa ile. Ilikuwa sauti ileile iliyomuuliza kutoka mlangoni kiberiti kiko wapi, iliyogombana na watoto, iliyochelewa hadi Gloria. Haikuhitaji kukumbukwa, iliingia tu na kukaa mahali pake. Mama Léontine aliweka viganja vyote viwili juu ya meza ya Thierry, akalia, na hakujificha.

Maneno nayo yalikuwa pale, wazi kama ya ubatizo:

"Unabeba beseni yako, haugeuke,
njia iko murefu, miguu yako mbio,
niko nyuma, Leo, niko nyuma,
nakufwata, nakufwata, nakufwata."

Leo ni yeye, Léontine kwa kifupi. Na si nakufwa, ni nakufwata, nakufuata. Ile ta ya mwisho Hubert aliidondosha kidogo tu, kama wanavyodondosha wanaonguruma, na mapile ya juani yalipoishusha ikazama ndani ya ngoma isionekane tena. Ikabaki nakufwa. Edouard, akiwa ameinamisha kichwa, alisema kwamba hata jalada ni yeye aliyeliandika, tena kwa kusikiliza kopi yake mwenyewe, kwa sababu mpiga ngoma anakaa nyuma na maneno hayamfikii.

Léontine aliomba wimbo urudiwe. Ulirudiwa mara nyingi, na wateja wa fotokopi walingoja.

Ijumaa Thierry alikaa mbele ya kompyuta, tayari kumjibu Bwana Peke, akauliza aandike nini. Edouard, ambaye hakuitwa lakini alikuwepo, alikuwa akitazama dari. Léontine alimfikiria yule mtu wa Finland, peke yake na theluji yake, akitoa machozi kwa kengele ya saa sita. Alifikiria pia kwamba Hubert aliisikia kaseti ile na akasema isiguswe.

"Mwandikie vile marehemu aliipenda, njo ibaki vile," akasema. "Jina ibaki."

Thierry akasita, akasema lakini neno si lile, Mama.

"Waache wao na kufwa kwao. Mimi, wangu ananifwata."

Edouard alishusha pumzi iliyosikika hadi kwenye mashine ya fotokopi.

Mama Léontine aliondoka na wimbo wake ndani ya simu, ulionyooshwa, kopi moja tu duniani. Njiani Mama Gisèle akamfikia kutoka nyuma, jambo ambalo halijawahi kutokea, kwa kuwa hakuna anayemfikia Léontine akiwa anatembea. Akamuuliza kama kaseti ameshaichoma. Léontine akajibu kwamba haikuhitaji moto, ilihitaji mapile. Gisèle hakuelewa, na kwa kuwa si mtu wa kukubali kwamba hakuelewa, akauliza jambo lingine: mbona leo anatembea hivi, miguu inamuuma?

Hapana, akasema, haiumi. Akamwacha Gisèle apite mbele, yeye akaendelea nyuma, taratibu, pochi kwapani, bila kugeuka. Hata zamani hakuwahi kugeuka. Safari hii alipunguza mwendo tu, maana Hubert alikuwa mtu wa polepole.